Mnazi Haumo Kwenye Bei

Bei ya moyoni haambiwi mtu. Hata mto unaoulalia usiuambie. Zuena alilijua hilo, kama anavyolijua kila mtu wa Kibiti aliyewahi kuuza hata kuku. Lakini alimwambia mwanaume, na alimwambia katikati ya mchezo na kicheko.

Ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, kwenye baraza ya nyumba aliyopanga Wenceslaus ng'ambo ya barabara kuu. Wenceslaus alikuwa afisa mifugo, mtu wa Sumbawanga, mrefu, mpole wa sauti, mwenye kucha safi kuliko mtu yeyote anayeshika ng'ombe. Siku ya kwanza alipita kwenye kibanda cha Zuena kununua mkate wa kumimina. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi tena, mpaka wauza mihogo wa pale jirani wakambatiza jina wakawa wanamwita Mkwe wa Mikate. Jumapili hiyo alikuwa amenunua kamba waliotoka Nyamisati, na Zuena alikuwa kwenye kigoda akiwamenya, kanga kaifunga kifuani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Haya, mimi mnunuzi, wewe muuzaji," alisema Wenceslaus. Akatoka nje, akazunguka, akaja kusimama mbele ya ngazi na uso wa mtu asiyemjua. "Hodi wenyewe!"

"Karibu."

"Nasikia unauza nyumba, mama."

"Nauza, baba."

"Mbona ukuta una ufa?"

Zuena akaangua kicheko.

"Usicheke! Muuzaji akicheka ameshashuka bei. Anza upya. Mbona ukuta una ufa?"

"Ufa huo una miaka kumi na nyumba bado imesimama. Wewe mwenyewe una miaka mingapi na umesimama vipi?"

"Hapo sawa," alisema Wenceslaus, akajizuia asicheke yeye. "Lakini usimtukane kabla hajalipa. Sikiliza, Zu. Usimwambie mtu kwa nini unauza. Mtu akijua una haraka, anakaa kitako anakusubiri uive. Ukishataja bei, funga mdomo. Kimya kitamuuma yeye. Anayeanza kusema ndiye anayelipa."

"Umeyajulia wapi yote haya?"

"Mnadani. Mimi nimekulia mnadani. Mtu akimtazama ng'ombe wake kwa huruma, tunajua huyo leo atauza kwa bei yoyote."

Akachuchumaa mbele yake. Kulikuwa na ganda la kamba limemganda Zuena shavuni, akalitoa kwa kidole gumba, taratibu, na kidole hakikuondoka haraka. Zuena alihisi mapigo ya moyo yamehamia kwenye shavu lile. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, ameolewa na kuachwa, hakutegemea tena mambo ya namna hiyo. Na yalipokuja hakujua kuyafungia mlango.

"Bei ya kutamka ni arobaini na tano," Wenceslaus alisema. "Na ya moyoni?"

Zuena akatazama kamba.

"Niambie mimi. Nitakufundishaje kulinda kitu nisichokijua?"

"Thelathini na mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Milioni thelathini na mbili, Wensi. Chini ya hapo nabaki nayo iniangukie."

"Pamoja na minazi yote mitatu?"

"Miwili. Wa tatu, ule wa kwenye uzio, ni wa kitovu changu. Kilipokatika, bibi alikizika pale akapanda mnazi juu yake. Watu wa nyumbani tu ndio wanaujua. Huo siuuzi hata kwa dhahabu."

Kwao Wenceslaus hakuna minazi. Ilibidi Zuena amweleze kwamba Pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mtu anaweza kuuza kiwanja na akabaki na mnazi wake mle mle, akaja kuangua nazi zake mchana na mwenye kiwanja asiseme neno. Wenceslaus alimsikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Kisha akamtazama kwa muda mrefu, macho yamelainika.

"Basi huo hautauzwa," alisema, kama anayekula kiapo.

Zuena hakuwahi kumpenda kama alivyompenda saa ile. Ndiyo maana baadaye iliuma vile.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, paa la bati, hatua chache kutoka barabara iendayo Ikwiriri. Baba yake alimpa mkononi akiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa sababu aliona yaliyompata mwanawe. Mume wa Zuena alipooa mke wa pili alimtoa Zuena na sufuria zake nje mchana wa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Nyumba ilikuwa ya mume, hati ya mume, hata kufuli ya mume. Zuena alikaa juu ya godoro kando ya njia mpaka baba yake alipokuja na mkokoteni. Toka siku hiyo aliapa kwamba hatalala tena kwenye nyumba ambayo mtu mwingine anaweza kumwambia toka.

Sasa kule Ikwiriri kulikuwa na Bi Rukaiya, mjane, anauza nyumba ndogo yenye fremu mbili zinazotazama barabara. Fremu moja ingekuwa tanuri, nyingine duka la mikate. Bi Rukaiya alitaka milioni thelathini na alikuwa amempa muda mpaka mwisho wa mwezi. Zuena akiuza kwa thelathini na mbili, nyumba ataipata, zile mbili zitaishia kwenye udalali na kuhama, naye atakaa ndani yake mikono mitupu, bila tanuri, bila gunia la unga. Akiuza kwa arobaini na kitu, ataanza kuoka wiki hiyo hiyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa kati ya namba zile mbili.

Shangazi Semeni, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa akiishi naye, hakuwa na tatizo na Ikwiriri. Tatizo lake lilikuwa Sumbawanga.

"Anasema atasilimu," Shangazi alikuwa akisema huku anasuka ukili. "Atasilimu lini? Mwezi umeandama mara ngapi tangu aseme?"

"Shangazi, ana kazi nyingi."

"Shahada inasomwa kwa pumzi moja, mwanangu. Mbona kula mikate yetu ana nafasi?"

"Ana ng'ombe wanne anawanenepesha kule Mahege kwa ajili ya harusi. Mtu asiye na nia anafuga ng'ombe?"

"Mtu wa bara anafuga ng'ombe hata akiwa hana nia ya kitu chochote."

Zuena alimtetea. Alimtetea kwa Shangazi, akamtetea kwa majirani, akamtetea kwa imamu aliyeuliza kwa upole kijana yule anachelewa nini. Kila alipomtetea alimpenda zaidi, maana mtu unayemlipia gharama unamwona wa thamani.

*

Jumamosi asubuhi dalali Fikirini akaleta mnunuzi.

Fikirini alikuwa mtu wa Mbwara, mfupi, mwenye kofia ya kiua na simu mbili, na sauti ya kubembeleza iliyomfanya mtu aangalie mfuko wake. Mnunuzi aliitwa Ukasha. Alisema ni mfanyabiashara wa Mbagala. Alivaa saa kubwa, na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Kibiti lilikwishavipa salamu zake.

"Dada Zuena, Shangazi, shikamooni na hamjambo," alisema Fikirini. "Leo nimewaletea mtu, si mtalii."

"Marahaba. Akaribie," alisema Shangazi kutoka kwenye mkeka wake.

Zuena alimzungusha Ukasha nyumba nzima. Alikuwa amejiandaa kwa ufa, amejiandaa kwa bati la jikoni lenye kutu, amejiandaa kwa maji yanayokuja siku moja na kukata mbili. Ukasha hakuuliza hata kimoja. Hakugonga ukuta. Hakuinua macho kwenye paa. Alipita vyumbani kama mtu anayetafuta alipoacha miwani yake, akarudi barazani akakaa.

"Fikirini," alisema Shangazi, "huyu ni mnunuzi au mposaji? Mposaji ndiye haangalii paa."

Wakacheka wote, Ukasha zaidi ya wote.

"Mimi mtu wa haraka, bimkubwa. Dada, sema bei."

Zuena alikumbuka alivyofundishwa. "Wewe umetoka mbali kuja kununua. Sema uliyokuja nayo."

"Thelathini."

"Basi pumzika, unywe maji, urudi Mbagala salama. Arobaini na tano."

"Thelathini na moja."

Zuena akafunga mdomo. Kimya kikakaa katikati yao. Fikirini akahangaika na simu zake, akasema biashara ni kuelewana, akasema nyumba ya hapa si ya Kariakoo.

"Thelathini na mbili," alisema Ukasha, akaegemea ukuta. "Na hapo nimefika, dada yangu. Siongezi hata shilingi ya kununulia kiberiti."

Kitu kikamgusa Zuena, kidogo tu, kama mtu anayepita nyuma yako gizani. Kati ya namba zote duniani, ameisimamia hiyo. Lakini akajiambia ni bahati mbaya. Watu wawili wanaweza kufika kwenye namba moja.

"Sijakwambia kama nauza kwa hiyo," alisema.

"Sikia, mimi nina roho nzuri." Ukasha akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Ule mnazi wako wa kwenye uzio, wa kitovu, huo siuhesabu. Baki nao. Uje uangue nazi zako muda wowote, mlango uko wazi. Nani mwingine atakupa hivyo?"

Mikono ya Shangazi ikasimama juu ya ukili.

Kuku walikuwa wakipekua uani. Bodaboda ilipita barabarani. Safari hii kimya hakikuwa cha kupatana bei.

"Mwanangu wa Mbagala," Shangazi alisema polepole, "mnazi wa kitovu nani kakuonesha?"

Ukasha akamtazama Fikirini.

"Usiniangalie mimi!" Fikirini akaruka. "Mimi wa Mbwara, vitovu vya Kibiti nitavijulia wapi? Kwanza mimi nilikuwa najua minazi mitatu inauzwa yote!"

"Niliambiwa tu," Ukasha alisema. "Si watu wanaongea?"

"Watu wepi?" Shangazi akauliza. "Bibi yake aliyeupanda yuko kaburini. Baba yake yuko kaburini. Tumebaki mimi na yeye, na mimi sijatoka nje ya uzio huu tangu Alhamisi kwa sababu ya goti. Watu wepi?"

Zuena alirudi kwenye Jumapili ile ya kamba. Alikuwa akimwona Wenceslaus amechuchumaa mbele yake, kidole gumba shavuni. *Basi huo hautauzwa.*

"Kampigie simu," alimwambia Ukasha.

"Nani?"

"Aliyekutuma. Mwambie bei imekataliwa."

Ukasha akataka kubisha, akautazama uso wa Zuena, akaacha. Akatoka mpaka barabarani, akaweka simu sikioni. Zuena naye akachukua simu yake, akapiga namba anayoijua kwa moyo. Sauti ya mwanamke wa kwenye mtandao ikamwambia namba anayopiga inatumika kwa sasa. Akasubiri, macho kwenye mgongo wa Ukasha. Ukasha akakata. Zuena akapiga tena. Ikaita mara moja.

"Zu wangu! Vipi, mnunuzi kafika?"

Sauti ilikuwa ile ile. Hicho ndicho kilichomshangaza. Haikubadilika hata kidogo, ilikuwa tamu kama jana.

"Kafika," alisema Zuena. "Njoo."

*

Fikirini alikuwa wa kwanza kulipuka. Hakumlilia Zuena; alikuwa analilia udalali wake. Wenceslaus na Ukasha walimzunguka, walimtumia kama toroli.

"Afisa mifugo!" alisema alipoambiwa nani anakuja, akijipiga paja. "Kumbe ni yule! Dada Zuena, mimi kazi yangu kusikia. Kuna mafundi wa kampuni moja wanatafuta nyumba ya kukaa wakati wa kazi yao ya barabara. Nasikia wameshamlipa mtu kodi ya mwaka mzima, kawaambia nyumba anamalizia kuinunua, mwezi ujao wanahamia. Vyumba vinne, karibu na barabara, tofali za kuchoma. Nikawa najiuliza ni ipi hiyo ambayo mimi siijui!" Akazungusha mkono kuionesha nyumba yote. "Nimekaa juu yake!"

"Kodi ameshaila?" aliuliza Zuena.

"Bila shaka kaichanganya kwenye hela ya kuinunulia hii. Ndiyo maana huyu wa viatu vyeupe ana haraka."

Zuena akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na baridi mwilini, na jua lilikuwa la saa tano. Akaingia ndani, akanawa uso, akavaa kanga safi. Aliporudi barazani pikipiki ya Wenceslaus ilikuwa inaingia uani. Angeitambua kati ya pikipiki mia. Kwa miaka miwili masikio yake yalikuwa yanaamka ikifika kona ya msikiti.

Wenceslaus alimwona Ukasha, akamwona Fikirini, akamwona Shangazi, na mwisho akamwona Zuena. Tabasamu likafika nusu ya njia likarudi.

"Zu."

"Karibu, afisa. Kaa."

Hakuwa amewahi kumwita afisa. Wenceslaus akakaa kwenye ncha ya benchi kama mgonjwa.

"Naweza kukueleza," alisema. "Tuongee wawili."

"Tulipoongea wawili ndipo yalipotoka haya. Leo tunaongea mbele ya watu."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Nilitaka nyumba isitoke mikononi mwetu. Wewe ungepata yako Ikwiriri, na hii ingebaki. Tungekuwa na mbili, Zu!"

"Hati ingeandikwa jina la nani?"

Wenceslaus akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza. Hizi mbili unazozihesabu. Hati ingeandikwa jina la nani?"

"Tukishaoana jina ni kitu gani?"

Shangazi akatoa kicheko kikavu. "Kamuulize mumewe wa kwanza jina ni kitu gani."

"Shangazi, naomba..."

"Mimi si shangazi yako. Ungekuwa umesoma ile shahada, labda."

"Ungeniambia lini?" Zuena aliendelea. Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Wenceslaus kuliko kelele. "Ningehama, ningehangaika bila tanuri, ningekuja kwako kulia kwamba nimeuza kwa hasara. Ungenifuta machozi?"

"Siku ya harusi. Ningekuletea ufunguo, nikushangaze."

"Ungeniletea ufunguo wa nyumba ya baba yangu."

Wenceslaus akainua mikono, akaishusha. Kisha akasema kitu ambacho alidhani kitamsaidia. "Lakini si nilikuachia mnazi? Nilimwambia Ukasha, hata iweje mnazi usiguswe. Kwa sababu najua unavyoupenda. Mtu asiyekupenda angekumbuka mnazi?"

Hapo macho ya Zuena yakajaa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hapo ndipo uliponiua," alisema. "Ungenidhulumu kama wanavyodhulumu wengine, ningekutukana, ningelia siku tatu, yakaisha. Lakini wewe ulikuwa unanikaba koo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unanipangusa jasho. Nitakuchukiaje mimi mtu wa namna hiyo? Nitaanzia wapi?"

Wenceslaus akanyoosha mkono kumshika. Na aibu kubwa ya Zuena siku ile, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba mwili wake uliegemea. Kidogo tu, upana wa kidole. Alijua harufu ya shati lile, alilifua mwenyewe Jumatano. Akarudi nyuma, akakaa kwenye kigoda, akakusanya kanga magotini.

"Haya," alisema. "Wewe mnunuzi, mimi muuzaji. Arobaini na tano. Na mnazi haumo kwenye bei."

Wenceslaus akafikiri anatania. "Unaniuzia mimi kama mtu wa nje?"

"Wa ndani angekuja na posa. Wewe umekuja na Ukasha."

Ukasha akakohoa, akaangalia saa yake kubwa.

"Zu, tafadhali. Thelathini na tano. Tuyamalize kibinadamu."

Zuena hakusema kitu. Alitazama mlango wa uani. Wenceslaus akasema thelathini na saba. Zuena akamtazama kuku. Wenceslaus akasema unajua kabisa hakuna nyumba ya bei hiyo mtaa huu, waulize watu. Zuena alikuwa anasubiri, mdomo umefungwa, vile vile alivyofundishwa, na mwalimu wake akaanza kutokwa jasho juu ya mdomo.

"Si lazima nikuuzie wewe," Zuena alisema mwishoni. "Jumatatu nitawatafuta wale mafundi mwenyewe. Nitawapangishia mimi."

Rangi ikamtoka Wenceslaus usoni. Akamgeukia Fikirini. Fikirini akavua kofia yake ya kiua, akajipepea.

"Nimeshachukua kodi yao," alisema Wenceslaus kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Nikiwakosesha nyumba watanifikisha mbali. Kazi yangu, Zu."

"Najua. Ulinifundisha, mtu mwenye haraka huachwa aive."

Shangazi akasema "Ya Rabi" taratibu, kama mtu aliyeonja chakula akakuta kimekolea.

"Nina arobaini," alisema Wenceslaus. Sasa sauti haikuwa ya mtu anayepatana bei tena. "Kodi, mkopo, akiba yangu yote. Arobaini. Sina tano nyingine, wallahi."

"Usiape kwa maneno usiyoyasilimia," alisema Shangazi.

"Unazo," alisema Zuena. "Una madume manne Mahege."

"Wale ni wa harusi!"

"Najua ni wa harusi. Wauze. Hutawahitaji."

Alilisema bila kelele, kama anavyomwambia mteja mkate umekwisha. Lakini lilipotoka mdomoni aliona limewapiga wote wawili. Wenceslaus alimtazama. Alimtazama vile vile kama Jumapili ile ya kamba, kwa muda mrefu, macho yamelainika, na Zuena hakuyakwepa. Alitaka ajue kama macho yale yalikuwa ya kweli wakati ule. Akayaona ni ya kweli. Ingekuwa afadhali angeyakuta ya uongo.

"Arobaini na tano," alisema Wenceslaus.

*

Waliandikishana Jumatano kwa mtendaji wa kata, ng'ombe wakiwa wameuzwa Jumanne kwa mchinjaji wa Ngorongo. Shangazi alikuja na goti lake akawa shahidi wa Zuena. Fikirini alipata udalali wake wote, akasaini kwa mbwembwe kama waziri. Mtendaji alisoma kwa sauti: nyumba vyumba vinne, kiwanja, choo, minazi miwili. Mnazi mmoja wa kwenye uzio haumo, mwenyewe ni muuzaji, atauhudumia na kuvuna apendavyo. Akauliza kama wote wameelewa. Wote walikuwa wameelewa.

Nje, Wenceslaus alimsubiri kando ya ukuta. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Nimelipa yote," alisema.

"Umelipa."

"Sitakuomba msamaha hapa njiani. Lakini mnazi uko kwangu." Akasogea hatua moja. "Kwa hiyo nitakuona, Zu. Ukija kuangua nazi. Nitakusubiri hata kama ni kwa miezi mitatu mara moja. Mlango hautafungwa."

Zuena aliufunga vizuri ushungi wake. Kwa dakika ile alimwona yote: mikate, kamba, kucha safi, kidole shavuni. Angeweza kusema neno moja dogo na ukuta wote ungeanguka, bila hata ufa.

"Wewe ulimtuma Ukasha," alisema. "Mimi nitamtuma mkwezi."

Akamshika Shangazi mkono, wakaondoka polepole kwa ajili ya goti.

Nyumbani mizigo ilikuwa imekusanywa sebuleni: godoro, mapipa ya unga, zile zile sufuria zilizotupwa nje siku ya Ijumaa. Shangazi akakaa juu ya sanduku, akamtazama.

"Umelia?"

"Bado."

"Basi lia sasa, kabla gari la mizigo halijaja. Kule Ikwiriri tunakwenda kuoka, machozi tusiyapeleke."

Zuena akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti zima la Shangazi, akalia mpaka kanga ikalowa. Shangazi hakulitoa lile neno "nilikwambia". Alikuwa nalo tayari ulimini siku zote nne, na akalimeza.

Saa tisa gari la mizigo likaja. Zuena alifunga mlango kwa mara ya mwisho, akampa Fikirini ufunguo aupeleke. Wakati wanapanga mapipa, pikipiki ilipita barabarani, ikapunguza mwendo mbele ya uzio, karibu na mnazi, kama inayotaka kukata kona. Haikukata. Zuena hakugeuza kichwa. Mkono wake ulikuwa umekwishasaini, na mdomo ulikwishasema yake. Lakini masikio yake, ambayo hayakusaini popote, yaliisikiliza pikipiki ile mpaka kona ya msikiti, mpaka ikapotea kabisa.